Dawa ya Kampuni Ile Ile

Kajiado,
19 Januari 2025

Senje mpendwa,

Nakusalimu, shangazi yangu, kutoka kitanda cha juu, bweni la karibu na matangi ya maji, mahali ambapo upepo wa Kajiado huingia bila kubisha. Mimi ni mzima. Nimepewa dawati karibu na dirisha, na jirani yangu bado ni Yvonne, anayeongea kwa niaba yetu sote wawili. Mwalimu wa Kiswahili ameniweka katika kundi la mdahalo la kidato cha tatu. Nilijaribu kukataa lakini sauti haikutoka, akadhani nimekubali.

Nyumbani kukoje? Paka amezaa? Baba amepiga simu kutoka Eldoret?

Kifurushi chako kilifika Jumanne. Dereva wa matatu alikiacha kwa bawabu, naye bawabu akakipeleka kwa Nesi Waruguru. Unajua utaratibu wetu: dawa zote hukaa kwa Nesi, na kila jioni baada ya chakula tunapanga foleni mlangoni pake. Wasichana wanadhani zangu ni za kuongeza damu. Nimewaacha wadhani hivyo, kwa vile Baba alisema neno kifafa lisitoke nyumbani, na hata mimi sitaki litoke.

Nimeliona boksi la bluu. Sijui ulilipata wapi, kwa maana Krismasi nzima ulirudi mikono mitupu. Tembe naona ni ndogo kidogo kuliko za mwaka jana. Labda ni macho yangu.

Huwa nafikiria vile unavyopika kutoka alfajiri, halafu jioni unavaa viatu upya kwenda kunitafutia dawa. Ana kwa ana siwezi kukwambia jambo kama hili. Ndiyo sababu napenda barua.

Mtoto wako,
Beverlyne


Kitengela,
2 Februari 2025

Beverlyne wangu,

Nimekusoma nikiwa kibandani na unga wa chapati vidoleni, ndiyo maana karatasi iko na madoa. Tuko salama. Maji yalipotea wiki nzima, yakarudi na rangi ya chai. Paka amezaa chini ya meza yako ya kusomea, na ukisogea karibu anakukoromea kama ndiye analipa nyumba. Vijana wa machimbo ya mawe bado wanakula kama watu wametoka jela.

Sasa hiyo dawa, keti vizuri nikwambie. Krismasi ilipofika boksi letu la bluu likapotea Kitengela nzima. Niliingia kila kemisti, kutoka stejini mpaka mwisho wa lami. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, dawa ni dawa, chukua hii ingine." Nikamuuliza, "Na bibi ni bibi? Wewe jioni ukitoka hapa unaingia mlango wowote?" Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha chenji.

Kwa kemisti ya Gichuru ndiko nilichemka kabisa. Akanitolea boksi jeupe lenye mstari wa kijani, eti, "Ni ile ile, Mama Beverlyne, wamebadilisha tu boksi." Ile ile! Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba mtoto wangu si wa kujaribiwa na feki. Nikatoka kichwa juu.

Ndipo nikamkumbuka Opiyo, yule dereva wa lori anayepeleka simiti Namanga na hula madondo ya maharagwe kwangu. Nikampa boksi tupu la zamani. Nikamwambia, "Rangi ni hii. Usiniletee nyingine." Akazunguka Namanga yote na lile boksi mfukoni, akarudi akipiga honi kutoka mbali kama analeta bibi arusi. Siku hiyo alikula nyama.

Daktari alisema kampuni ile ile kila mwezi, na mimi nitakupatia hata kama ni kuifuata Arusha. Wewe soma. Na huo mdahalo uwanyamazishe.

Shangazi yako,
Jentrix


Kajiado,
16 Februari 2025

Senje,

Salamu nyingi kwako, na kwa paka na watoto wake. Kumekuwa na vumbi. Tumeanza mitihani midogo.

Mdahalo ulifanyika lakini sikushiriki. Nilimwambia mwalimu nina mafua. Nimechoka kidogo, si sana.

Hukunijibu kuhusu Baba.

Asante kwa habari za Opiyo. Nilizisoma mara kadhaa. Mwambie nimeshukuru.

Beverlyne


Kitengela,
23 Februari 2025

Beverlyne,

Salamu zako zimefika, lakini hiyo ni barua ama ni risiti? Mtu anayeniandikia kurasa mbili kuhusu upepo leo ananipa mistari minane! Na hayo mafua. Nimekulea kutoka uko mdogo hivi, mama yako alipotuacha, na mafua hayajawahi kukunyamazisha, kwa sababu wewe huwa umenyamaza tayari.

Kuna nini? Unalala? Dawa unameza? Kuna msichana anakusumbua? Niambie jina tu, nitakuja na mwiko.

Alhamisi mnafunga likizo fupi. Utaniambia ukiwa umeshiba. Nitapika kunde zile chungu unazopenda, ambazo watu wenye akili hawapendi.

Shangazi yako,
Jentrix


Kajiado,
9 Machi 2025

Senje mpendwa,

Natumaini ule mguu uliokuwa umevimba umepumzika, ingawa nakujua, hujaupumzisha.

Najua Nesi alikupigia simu Alhamisi kukwambia nimeanguka. Hakukwambia sababu, kwa kuwa wakati huo hakuijua. Sababu ninayo mimi, na nilikuwa nayo hata nilipokuja nyumbani nikala kunde zako na kusema niko sawa.

Unajua mimi husoma kila kitu, hata ile karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi. Mwisho wa Januari, baada ya barua yangu, niliisoma kwa Nesi huku nikisubiri maji ya kumezea. Jina la dawa ni lile lile. Kampuni si yetu, Senje. Ni rangi ya bluu tu inayofanana.

Nilikuwa nataka kukuandikia siku hiyo hiyo. Halafu ikaja barua yako kuhusu Opiyo na honi, na nikaona jinsi ulivyofurahi. Nikajiambia labda mwili wangu hautajua tofauti.

Ulijua. Mwalimu alikuwa akisoma sentensi moja, nikisikia tena, yuko ukurasa mwingine. Kalamu ilikuwa ikianguka nami sijui imeanguka lini. Niliogopa mdahalo kwa sababu hiyo: nisimame mbele ya watu wote halafu nizime katikati. Nyumbani nilipanga kukwambia Jumamosi. Lakini Opiyo akaja kula, ukamtambulisha kwa kila mteja, "Huyu ndiye daktari wetu!" naye akawainamia watu kama bwana arusi. Ningesema nini hapo?

Nilianguka kwenye mabomba nikifua soksi. Yvonne peke yake ndiye aliyeniona. Wengine wameambiwa ni njaa.

Daktari hapa Kajiado hakusema dawa ya Opiyo ni mbaya. Alisema ni nzuri kwa mtu aliyeianza. Shida ni kuuhamisha mwili uliokwisha kuzoea nyingine, bila daktari kujua. Amenirudisha kwa ile yetu.

Na hapa ndipo sijui niandike vipi. Duka la dawa mbele ya hospitali wanayo. Niliisoma kampuni kabla muuzaji hajaishusha kutoka rafu. Imo katika boksi jeupe lenye mstari wa kijani. Walibadilisha boksi mwisho wa mwaka jana.

Zile nilizopewa zilikuwa za mwisho dukani. Zitanifikisha kufunga muhula, basi. Muuzaji alisema wateja wanazikataa wakidhani ni feki, kwa hivyo yeye haagizi tena.

Usikasirike, tafadhali. Ama kasirika, lakini uniandikie.

Beverlyne


Kitengela,
16 Machi 2025

Beverlyne mtoto wa kaka yangu,

Mguu uko sawa. Paka amehamisha watoto kwenye sufuria yangu kubwa. Hizo ndizo habari njema.

Barua yako niliisoma, nikafunga kibanda mchana, jambo ambalo vijana wa machimbo hawajalisamehe. Nililia kidogo, halafu nikacheka, halafu nikavaa viatu nikaenda kwa Gichuru.

Aliponiona aliinua mikono juu kama mtu amekutana na polisi. "Mama Beverlyne, leo nimefanya nini?" Nikamwambia, "Leo ni mimi nimefanya. Lile boksi jeupe lilikuwa lenyewe. Nilikuita mwongo mbele ya watu, sasa nataka watu wawe hapa nikiomba msamaha." Akasema si lazima. Nikamwambia ni lazima, na tukangoja mpaka mama mmoja wa kununua Panadol akaingia, nikaomba msamaha mbele yake. Huyo mama alituangalia kama wendawazimu, akalipa, akaenda mbio.

Sasa sikiliza vizuri. Gichuru alikuwa nayo Januari. Hakuna aliyenunua, akairudisha kwa wanaomuuzia. Sasa wanataka achukue katoni nzima. Akaniambia, "Siwezi kuagiza katoni kwa mtoto mmoja, Mama. Itaharibikia hapa. Lakini nikiwa na watu kadhaa wanaokuja kila mwezi, wanataka hii na si nyingine, naagiza mpaka nizeeke."

Nikamuuliza, "Hao watu wako wapi?" Akasema, "Wako. Hapa Kitengela wako wengi. Mwezi huu wananunua kwangu, mwezi ujao kule, wanapewa chochote. Hawajuani. Nani atasema?"

Nimefikiria siku kadhaa, Beverlyne. Mahali ambapo watu wengi hunisikiliza bila kuniagiza chapati ni kanisani, wakati wa matangazo. Naweza kusimama. Lakini siwezi kuwatafuta wengine bila kusema kwa nini nawatafuta, na hilo si neno langu peke yangu. Ni lako.

Umeniuliza mara mbili kuhusu Baba yako. Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa tumegombana. Krismasi nilimwomba aniache niulize akina mama wa kanisa kama wanaijua hii dawa. Akakataa. Juzi nimemwomba tena. Anasema, "Jentrix, ukitangaza, nani atamwoa?" Nikamwambia, "Lazarus, mtoto yuko Form Three, wewe unapanga arusi. Kwanza amalize kufua soksi bila kuanguka." Akakata simu.

Sitasimama bila wewe kukubali. Ukikataa, nitaendelea kutembea, na kutembea najua. Lakini safari hii nitasoma kampuni.

Shangazi yako,
Jentrix


Kajiado,
23 Machi 2025

Senje mpendwa,

Mvua imenyesha hapa kwa mara ya kwanza na wasichana wote walitoka nje na ndoo, mimi pia. Tangu nirudi kwenye tembe zetu sijazima tena darasani. Nesi ananitazama kama maziwa jikoni.

Nilikuandikia barua ya kukataa. Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na sababu nyingi zilizopangwa vizuri, kwa maana mdahalo nilikuwa nimeshautayarishia na sikuutumia. Nilisema watu wa kanisa watanitazama wakinipita. Nilisema yule Mwihaki anayeongoza nyimbo atawakataza binti zake kukaa benchi letu. Nilisema Baba ataona aibu.

Kisha nikafikiria wewe ukiwa kwa Gichuru, ukimngoja mteja aingie ndipo uombe msamaha. Nimekuwa nikijaribu kuelewa jambo hilo tangu nilisome. Mtu mwingine angenong'ona. Mimi ningetuma barua, tena bila jina. Wewe uliona kwamba ulimkosea mbele ya watu, basi deni liko mbele ya watu. Sijakutana na mtu wa namna hiyo katika kitabu chochote, na unajua navisoma vingi.

Kwa hivyo nakubali. Lakini usiseme "kuna mtoto fulani". Ukisema hivyo watakuwa wakitafuta ni nani mpaka wanifikie, na nitakuwa nimejificha na kuonekana kwa pamoja. Sema Beverlyne. Na useme ni kifafa. Nimeliandika neno hilo hapa, ingawa nilichungulia kwanza kama Yvonne amelala.

Baba nitamwandikia mwenyewe.

Beverlyne


Kitengela,
31 Machi 2025

Beverlyne binti yangu,

Leo sina habari za paka. Nimesimama.

Jana mchungaji alimaliza matangazo ya arusi na ya mchango wa paa, akauliza kama kuna mwingine. Nikasimama. Nikasema, "Mnanijua, mimi ni Jentrix wa chapati. Mnamjua Beverlyne, yule wa kusoma vitabu nyuma wakati wa mahubiri." Watu wakacheka, mchungaji pia. Nikasema, "Beverlyne ako na kifafa. Yeye mwenyewe ameniambia niseme. Anameza dawa ya kampuni moja na akiimeza ile ile kila siku, haanguki. Hii dawa haikai Kitengela kwa sababu sisi tunaoinunua tunajificha. Kama ni wewe, ama ni mtu wako, nitafute. Si lazima useme hapa. Mimi niko kibandani."

Nilisikia feni. Nikaketi, nikajua nimekuuza bure.

Tukitoka, hakuna aliyenisogelea. Walinipa mkono vile watu hupeana mkono matangani. Nikaenda nyumbani, sikula.

Leo asubuhi, kabla moto haujawaka vizuri, nani amesimama mbele ya kibanda? Mwihaki. Huyo huyo wa nyimbo. Amejifunga leso kichwani kama mtu hataki kuonekana. Akaagiza chai, hakuinywa. Akasema, "Ni mimi, Mama Beverlyne. Tangu nikiwa shule. Hata mume wangu anadhani ni dawa za presha." Nikamuuliza ni kampuni gani. Akatoa boksi ndani ya boksi lingine. Jeupe, mstari wa kijani. Alikuwa akilifuata mpaka Nairobi kwa siri.

Mchana akaja Mzee Macharia mwenye nyumba, kwa ajili ya mjukuu. Kisha kijana wa boda boda ambaye hata si wa kanisa letu, abiria wake alimhadithia. Huyo hata hajui anameza ya nani, mwezi huu njano, mwezi ujao nyeupe. Nimemwambia aende kwanza kwa daktari, asibadilishe kienyeji kama mimi.

Gichuru ameagiza katoni.

Baba yako alipiga simu jioni. Alisema barua yako imefika. Akauliza, "Alianguka akaumia wapi?" Nikamwambia kiwiko. Akasema, "Sawa," akakata. Kwa Lazarus, hayo ni mazungumzo marefu.

Mtoto wangu, ni mimi nilisimama, lakini nilisimama kwa miguu yako. Kama ungeniambia niseme "mtoto fulani", Mwihaki angekunywa chai yake kwake.

Jentrix wako


Kajiado,
11 Mei 2025

Senje mpendwa,

Nimekumiss tangu nishuke stejini. Yvonne amerudi na nywele mpya na maneno yale yale. Mvua imeotesha majani mpaka nyuma ya bweni, na ng'ombe wa watu wanaingia uwanjani wakati wa gwaride, mwalimu mkuu akiwapigia kelele wao na sisi kwa sauti moja.

Nesi Waruguru alifungua kifurushi mbele yangu. Alisoma kampuni, nikasoma kampuni, akasema, "Haya, tumesoma wawili," akafunga kabati.

Nilitaka kukueleza jambo la Jumatano. Tulikuwa kwenye foleni ya dawa na msichana mmoja akanitania, "Wewe Bev, hizo za damu haziishi? Una damu ya ndovu?" Kila mtu akacheka. Nami nikasema, "Si za damu. Ni za kifafa."

Nilisema kwa sauti ndogo sana, lakini foleni ilikuwa imenyamaza kwa bahati mbaya, wakasikia wote. Mmoja alirudi nyuma hatua moja. Nilimwona. Nilitamani niimeze ile sentensi pamoja na tembe. Ndipo Yvonne, ambaye alijua tangu mabombani na hakumwambia mtu, Yvonne huyo, akauliza kwa sauti kama mtu anayeuliza ratiba ya chakula, "Sasa siku ukianguka, tufanye nini?"

Nikawaeleza. Wanilaze kwa ubavu, walegeze tai, waondoe viti, wasinitie kijiko mdomoni, wamwite Nesi. Wakaanza kuuliza maswali, na nikajibu kila moja, Senje, nimesimama mbele ya watu wengi kuliko wa mdahalo. Yule aliyerudi nyuma aliuliza kama inauma. Nilimwambia huwa sikumbuki, ila soksi zilibaki bila kufuliwa. Walicheka, na safari hii hata mimi.

Baba ameniletea ujumbe kupitia simu ya Nesi. Unasema tu, "Umemeza?" Nesi alimjibu, "Amemeza." Tangu hapo huuliza kila jioni.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie leo badala ya kungoja Jumapili ijayo. Jana nikianika nguo alikuja msichana wa kidato cha pili, Naserian Sironka. Alinisalimu, "Sopa," akasimama akishika kamba ya nguo kwa muda mrefu. Mimi najua kunyamaza kwa namna hiyo, kwa hivyo nilimwacha. Mwishowe akasema, "Hata mimi." Babake hufuga ng'ombe huko Bisil na humnunulia chochote kilichoko dukani siku ya soko. Nilimpeleka kwa Nesi tukasoma boksi lake pamoja. Ni kampuni yetu, lakini karibu linaisha, na babake hajui atapata wapi lingine.

Ameniuliza kama ni lazima jina lake litajwe mbele ya watu. Nimemwambia hapana, hiyo ni yake kuamua, na mimi nilichukua miaka.

Mwambie Gichuru katoni ijayo ahesabu mtu mmoja zaidi. Vifurushi vitakuwa viwili, na cha Naserian usiandike ni cha nini. Andika kwa Beverlyne, nitampa mwenyewe.

Mtoto wako anayejivunia kuwa mtoto wako,
Beverlyne